Picha za nyota ukiwa uani Nyanda za Juu Kusini: simu, kamera, traka au darubini-roboti?

Anayetaka kupiga picha za anga la usiku akiwa Mbeya, Iringa au Njombe ana njia nne kubwa: simu aliyonayo mfukoni, kamera kwenye stendi tupu, kamera juu ya traka (kimota kinachoizungusha polepole kufuata mwendo wa nyota), au darubini-roboti inayojitafutia nyota yenyewe. Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wao wana Nyota ya Kaskazini ya kulengea vifaa vyao. Kwetu nyota hiyo iko chini ya upeo, na ncha ya kusini ya anga (nukta ambayo nyota za kusini huonekana kuizunguka) imeinuka nyuzi 8 au 9 tu kutoka ardhini. Hilo peke yake linabadilisha hesabu nzima ya nini ununue.

Vigezo

Kila njia hapa inapimwa kwa mambo matano: gharama, kazi ya kuandaa kila usiku, vitu inavyoweza kupiga, kinachoiharibu huku kwetu, na kazi inayobaki kwenye kompyuta. Ubora wa picha haukupewa kigezo chake, kwa sababu picha ya Njia Nyeupe nzima ikipita juu ya paa la nyumba na picha ya nebula moja (wingu la gesi na vumbi angani) iliyokuzwa hazishindani. Anayetaka ya kwanza hasaidiwi na kifaa cha ya pili, hata kiwe ghali vipi.

Anga tulilonalo

Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe inaizidi. Katikati ya Njia Nyeupe, upande wa kundi la Mshale, hupita karibu nyuzi 20 tu kutoka utosini, na inapita hivyo wakati wa kiangazi, mawingu yakiwa machache. Katikati ya Juni hufika juu kabisa karibu saa 7 usiku. Mwanzoni mwa Agosti, kabla ya saa 4. Mpiga picha wa London huiona ikitambaa juu ya mabomba ya moshi, kisha inazama. Kwa hiyo anga si kikwazo chetu, na mwenye uwanja wenye giza Uyole, Kihesa au Mafinga ameshapata sehemu kubwa ya kinachotafutwa.

Vikwazo viko chini, ardhini. Mei hadi Julai hewa ni safi lakini usiku ni wa baridi na umande, na Makete na Kitulo hupata barafu. Agosti hadi Oktoba umande hupungua, ila upepo wa kusi hutikisa stendi na moshi wa mashamba na nyasi zinazochomwa hufifisha nyota zote za karibu na upeo. Masika hufunga anga, japo mapengo baada ya mvua huwa na hewa safi kuliko wakati wowote. Kilimia na Jabari (Orion), ambazo jioni zake huangukia kwenye mvua, unaweza kuzipata mwishoni mwa Septemba ukiamka saa 10 alfajiri, pamoja na Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani na yetu, upande wa kusini.

Simu kwenye stendi

Gharama yake ni stendi na kishikizi cha simu, basi. Kabla ya kutoa hata shilingi, fungua kamera uingie hali ya Pro (unayopanga kila kitu mwenyewe) na utazame muda wa kufungua (muda ambao kamera inapokea mwanga) unaishia wapi. Ukifika sekunde 10 hadi 30, simu inafaa. Ukiishia nusu sekunde, haifai kwa nyota. Itumie kwa Mwezi na mandhari ya jioni. Baadhi ya simu, kama Google Pixel, zina hali maalumu ya nyota inayokusanya fremu nyingi kwa dakika nne na kuziunganisha zenyewe.

Maandalizi ni dakika tano. Weka ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 1600, sekunde 10 hadi 15, fokasi kwenye alama ya mlima, na kichelewesho cha sekunde 3 ili kidole chako kisiitikise. Tumia lenzi kuu. Lenzi ya pili ile pana sana kwa kawaida ina sensa (kipokea mwanga) ndogo zaidi na hutoa chenga (madoadoa) tupu. Piga fremu 30 bila kugusa chochote, kisha ziunganishe kwa programu ya bure ya Sequator kwenye kompyuta ya Windows.

Utapata Njia Nyeupe, Msalaba wa Kusini, na sayari zikiwa karibu na Mwezi wakati wa magharibi. Usitegemee nebula wala galaksi, isipokuwa Mawingu ya Magellan kama madoa mawili hafifu. Adui mkubwa ni akili ya simu yenyewe: katika hali za kawaida hulainisha chenga, na nyota ndogo huondoka nazo. Ndiyo maana hali ya Pro, na faili la RAW (data ghafi isiyolainishwa) kama lipo, ni bora hata picha ikionekana chafu mwanzoni.

Inamfaa asiyejua bado kama atapenda kukaa nje kwenye baridi.

Kamera kwenye stendi tupu

Kamera yoyote ya kubadilisha lenzi, hata iliyotumika miaka kumi, inaishinda simu kwa sababu ya ukubwa wa sensa. Gharama inayosahaulika ni stendi: ya plastiki nyepesi haistahimili upepo wa Iringa. Nunua nzito, usinyanyue nguzo ya katikati, na uning'inize kiroba cha mchanga kiguse ardhi. Kikibaki hewani kitabembea na kuongeza mtikisiko.

Kikomo cha njia hii ni mzunguko wa dunia. Kanuni inayotumika kupata sekunde za juu za kufungua ni kugawa 500 kwa urefu wa lenzi (milimita zilizoandikwa juu yake), ukizidisha urefu huo kwanza kwa 1.5 kama kamera ni ya sensa ndogo (1.6 kwa Canon). Lenzi ya kawaida ya milimita 18 inakupa 500 gawanya kwa 27, yaani sekunde 18. Hesabu hiyo ni ya ukarimu: kwa sekunde 18 nyota imeshavuka pikseli sita hivi, na ukikuza picha utaona vijiti. Sekunde 10 hadi 12 ni salama zaidi. Lenzi ya milimita 50 inabaki na sekunde 3 au 4 tu, ndiyo maana stendi tupu na lenzi ndefu haviendani.

Fokasi ndiyo inayoharibu picha nyingi kuliko kitu kingine chochote. Zima fokasi ya kujiendesha na kizuia mtikisiko. Elekeza kamera kwenye nyota kali, kama Rijili Kantori (Alpha Centauri) wakati wa kiangazi au Suheli (Canopus) alfajiri, kuza kwenye skrini mara 10, zungusha pete mpaka nyota iwe nukta ndogo kuliko zote, kisha bana pete kwa utepe wa gundi. Usiamini alama ya mwisho wa pete, kwani lenzi nyingi hupita hapo. Rudia baada ya saa moja, maana baridi ikizidi lenzi hujikunja na fokasi huhama.

Mengine ni mepesi: RAW, ISO 1600 hadi 3200, tundu la lenzi wazi kabisa, fremu 60 hadi 100. Kuunganisha kunapunguza chenga kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu: fremu 16 zinapunguza mara 4, fremu 100 mara 10. Mwishoni funika lenzi na upige fremu 20 za giza, ambazo programu huzitumia kuondoa madoa ya sensa, kwa mipangilio ile ile, kamera ikiwa bado na baridi ya nje. Ukizipiga ndani ya nyumba hazitalingana na joto la sensa na hazitasaidia.

Kwenye kompyuta, Siril na DeepSkyStacker ni za bure na zinatosha. Andaa nafasi: fremu 100 za megapikseli 24 ni karibu GB 3 kwenye kadi, lakini programu ikizifungua zinaweza kula GB 30 na zaidi. Laptopi ya RAM ya GB 8 itafanya kazi, polepole.

Zawadi ya njia hii ni mandhari. Inakupa nyota na mgomba, ukuta au mstari wa Mlima Loleza vikiwa vimetulia kwenye fremu moja. Pia inakupa michirizi: fremu 120 za sekunde 30 mfululizo zinafanya saa moja, na ukitazama kusini unapata matao mafupi yaliyojipanga kama nusu duara zinazoibuka kutoka ardhini, kwa sababu ncha iko chini mno. Mashariki michirizi hupanda karibu wima. Wenzetu wa Ulaya hawaioni hivyo wakiwa kwao.

Inamfaa mwenye kamera tayari, mpenda mandhari, na mwenye uwanja unaozibwa kusini.

Kamera kwenye traka

Hapa ndipo watu wengi hununua haraka na kujuta polepole. Traka mpya huwa kati ya dola 300 na 500, bado usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Star Adventurer 2i, kwa mfano, inabeba kilo 5 na inatumia betri nne za AA, kwa hiyo umeme si tatizo. Cha kukagua kabla ya kulipa ni kitako cha kuinamishia: lazima kishuke mpaka nyuzi 8. Vipo vinavyoishia juu ya hapo, na kwa mnunuzi wa Mbeya hivyo ni mzigo tu.

Kazi ya usiku ni kulenga mhimili wa traka kwenye ncha ya kusini. Huko hakuna nyota kali. Iliyo karibu, Sigma Octantis, ni hafifu hata kwenye anga safi, na ikiwa nyuzi 9 juu ya ardhi hupotelea kwenye ukungu na moshi. Ukuta nao una hesabu yake: ukiwa na urefu wa mita 2.5 na kamera ikiwa mita moja juu, unahitaji kukaa karibu mita 10 kutoka ukutani ndipo uione ncha. Nyua nyingi za mjini hazina mita 10.

Habari njema ni kwamba si lazima uione. Weka skeli ya kitako kwenye latitudo yako (Mbeya 8.9, Iringa 7.8, Mafinga 8.3, Njombe na Tukuyu 9.3), sawazisha stendi kwa pimamaji, kisha tafuta kusini halisi. Dira ya simu hudanganywa na nondo za ukutani na chuma cha stendi, hivyo jua ni mwalimu bora. Kati ya tarehe 10 na 16 Juni, ning'iniza timazi ya fundi juu ya sakafu ya saruji. Mbeya jua hufika kilele saa 6:46 mchana, kwa kuwa saa zetu zinafuata longitudo ya 45 na mji uko magharibi yake kwa nyuzi kama 11 na nusu. Iringa ni saa 6:37. Dakika hiyo jua liko kaskazini na kivuli cha uzi kinaelekea kusini kamili. Kipige rangi, mstari huo utautumia miaka. Kosa la dakika moja linahamisha kivuli kwa karibu nusu nyuzi. Ukisubiri katikati ya Oktoba umechelewa, maana wakati huo jua hupita utosini na kivuli hakipo.

Je, nusu nyuzi inatosha? Inategemea lenzi. Kosa la nyuzi 1 husogeza nyota kwa takriban sekunde 15 za tao (sekunde ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi 1) kila dakika. Kwa lenzi ya milimita 50 hiyo ni pikseli moja tu, haionekani. Kwa lenzi ya milimita 200 ni pikseli nne, na inaonekana vizuri. Kwa hiyo anza na lenzi ya 35 au 50, fremu za dakika 1 hadi 2, na usisogee kwenye 135 au 200 mpaka umejifunza kurekebisha kwa majaribio: piga nyota iliyo karibu na utosi kwa dakika tatu, na ikivutika kwenda kaskazini au kusini sogeza kitako kushoto au kulia kidogo, piga tena. Ikizidi kuvutika, umesogeza upande usio wake. Kisha fanya vivyo hivyo kwa nyota ya chini mashariki, safari hii ukiinua au kushusha.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni swichi ya kaskazini na kusini: traka ikiachwa upande wa kaskazini inazunguka kinyume, na michirizi inakuwa mirefu maradufu kuliko bila traka. La pili ni uzito. Mhimili ukiwa karibu umelala, mzigo wote huning'inia upande mmoja na chuma cha kusawazisha hugonga mguu wa stendi usiku wa manane. Elekeza mguu mmoja kusini, inua kichwa cha stendi kidogo, na uzungushe kila kitu kwa mkono kabla ya kuanza.

Umande ndio mwingine wa kupambana naye, kwa sababu hapa lenzi inakaa wazi saa tatu nne. Mkanda wa kupashia joto wa USB wa wati 7 hivi, ukiunganishwa na pawabenki ya mAh 20,000, unadumu karibu usiku mzima. Usipokuwa nao, funga bomba la karatasi ngumu mbele ya lenzi. Linachelewesha umande, halizuii. Usiku ukiisha funga kamera ndani ya begi kabla ya kuingia ndani, uiache humo saa moja, la sivyo mvuke wa jikoni utagandia kwenye sensa na vioo.

Malipo ya taabu hii ni makubwa. Mei saa 2 usiku Nebula ya Carina iko nyuzi 39 juu ya kusini, na kwa milimita 135 inatoka nyekundu kweli. Juni kuna Omega Centauri (kishada kikubwa cha nyota), kisha mawingu ya rangi karibu na nyota Antares, halafu Nebula ya Lagoon na jirani yake Trifid karibu na utosi. Oktoba na Novemba, mvua ikichelewa, galaksi ya Andromeda iko kaskazini. Kazi ya kompyuta ni ile ile ya stendi tupu, ila huwezi kuweka mandhari: traka inayofuata nyota inaivuruga ardhi, na lazima uipige peke yake.

Inamfaa mwenye kamera, uwanja wake mwenyewe na subira.

Darubini-roboti

Hizi ni darubini ndogo zenye kamera ndani. Seestar S50, iliyotoka 2023, ina kioo cha milimita 50, urefu wa milimita 250, na bei yake ilianzia karibu dola 500. Unaiweka chini, unaisawazisha kwa kufuata simu, unachagua jina la nebula, nayo inatafuta, inapiga fremu za sekunde 10 na kuziunganisha. Haihitaji ncha ya kusini wala bando la usiku. Intaneti ni ya kuiwasha mara ya kwanza. Ina kipasha umande ndani. Kwa uwanja wenye ukuta mrefu na taa ya ulinzi ya jirani, kichujio chake cha nebula kinasaidia kuliko lenzi yoyote ya bei hiyo.

Mapungufu yake yanahusu latitudo yetu. Inazunguka kwa pembe mbili, juu-chini na kushoto-kulia, kwa hiyo picha hujizungusha kadiri usiku unavyokwenda, na kasi hiyo ni kubwa mno karibu na utosi. Nebula ya Tai hupita hapo hapo Mbeya, nyuzi 5 tu kutoka utosini: fremu nyingi zitakataliwa na pembe za picha zitachakaa. Dawa ni kupiga kitu kikiwa mashariki au magharibi, kati ya nyuzi 30 na 65, ambako kwa watu wa karibu na ikweta mzunguko huo ni mdogo sana. Hali ya ikweta (kufuata nyota kwa mhimili mmoja, kama traka) iliyoongezwa baadaye inataka kifaa kiinamishwe kwa latitudo. Kwa nyuzi 9 karibu kinalala ubavu, na stendi nyepesi hupinduka.

Dirisha lake ni dogo, nyuzi 0.7 kwa 1.3. Omega Centauri inaenea vizuri, Trifid pia. Carina haitoshi bila kuunganisha vipande, na Wingu Kubwa la Magellan halifikiriki. Picha ina megapikseli 2, inayotosha WhatsApp na chapa ndogo, si bango. Na kuna jambo la ladha: mashine hufanya karibu kila kitu, wengine wakafurahi, wengine wakachoka nayo baada ya miezi mitatu.

Inamfaa mwenye muda mfupi, uwanja wa pamoja, au watazamaji wengi.

Na Mwezi na sayari?

Hakuna kati ya hizo nne inayokupa pete za Zohali zikiwa safi. Kwa hilo unahitaji darubini ya Dobson ya milimita 150, kishikizi cha simu kwenye kioo cha kutazamia, na video ya dakika moja iliyosafishwa kwa AutoStakkert. Usitazame juu ya bati la nyumba mapema usiku. Joto linalotoka hufanya sayari ichemke. Subiri mpaka saa 4.

Kwa hali yako

Umepanga chumba na uwanja ni wa wote: simu kwanza, na ukipata fedha, roboti, kwa sababu inaingia ndani ya begi dakika mbili baada ya mtu kuwasha taa ya nje.

Una kamera ya kazi za harusi na sherehe: usinunue chochote mwaka huu isipokuwa stendi nzito na rimoti ya kupigia mfululizo. Piga kiangazi kizima bila traka. Mwezi Juni chora mstari wako wa kusini. Ukiona una nafasi ya kusimamisha stendi juu yake, traka itakuwa na maana.

Una shamba au nyumba nje ya mji, Mufindi au Makete, na kusini ni wazi: traka na lenzi ya milimita 135 itakulipa kuliko roboti, hasa ukitaka kuchapa picha kubwa za kuuza kwenye hoteli. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti. Baridi huziua mapema.

Unaongoza klabu ya wanafunzi: roboti ikionyesha kwenye skrini huwavuta wote, lakini stendi tupu na kamera moja huwafundisha zaidi. Kama fedha ni za kimoja tu, swali ni kama klabu inataka kuona au kujifunza kupiga.

Uko Tukuyu, ambako mvua haina msimu wa kuheshimu: chagua kinachosimama haraka, simu au roboti, maana anga hufunguka saa moja likafungwa. Na hifadhi vioo vyako kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika kutoka maboksi ya viatu, kwa kuwa huko ukungu huota ndani ya lenzi kabla hujamaliza kulipa deni lake.